Video ya droni, FPV, picha-ramani, modeli ya 3D au setilaiti: ipi ikuoneshe mandhari na magofu?

Video za droni za sehemu maarufu zimejaa mtandaoni, na nyingi ni tamu kwa macho: droni inapaa nyuma ya ukuta, inazunguka mnara, inarudi nyuma jua likizama. Kwa anayetaka kuburudika zinatosha. Kwa mwalimu anayeandaa somo, mwanafunzi wa historia au msafiri anayetaka kujua atakachokikuta, dakika kumi za video hizo zinaweza kwisha bila kumwonesha mlango ulielekea wapi, boma ni kubwa kiasi gani, au mto umepita upande upi. Njia za kuona kutoka angani ni kadhaa, na kila moja ina inachokifichua na inachokificha.

Anza na ukubwa wa kitu chenyewe

Kabla ya kuuliza kamera gani, jiulize kitu unachotaka kukiona kina upana wa mita ngapi. Droni nyingi za kamera zina lenzi pana inayolingana na milimita 24 kwa kipimo cha fremu kamili. Kamera ikitazama chini wima, upana wa ardhi unaoingia kwenye fremu ni mara moja na nusu ya kimo cha droni. Video ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana, kwa hiyo hesabu inakwenda hivi:

| Kimo cha droni | Upana wa ardhi kwenye fremu | Pikseli moja ni sawa na |
|---|---|---|
| mita 30 | mita 45 | sentimita 1.2 |
| mita 60 | mita 90 | sentimita 2.3 |
| mita 100 | mita 150 | sentimita 3.9 |
| mita 120 | mita 180 | sentimita 4.7 |

Upande mfupi wa fremu ni 9/16 ya upana huo, na ndio unaosahaulika. Boma kubwa la Great Zimbabwe lina ukuta unaozunguka kwa takriban mita 250 na kufikia mita 11 kwenda juu. Mapana yake yanakaribia mita 90. Droni ikiwa mita 60, boma linajaza fremu kwa upana lakini juu na chini linakatwa. Inabidi droni ipande kupita mita 100 ndipo mzunguko wote uonekane. Kanisa la Bete Giyorgis kule Lalibela, Ethiopia, lililochongwa ndani ya mwamba kwa kina cha mita 12 hivi, linakaa vizuri kwenye fremu droni ikiwa kama mita 40. Ukipanda zaidi, ule msalaba uliochongwa kwenye paa lake unageuka alama ndogo katikati ya mwamba.

Sasa chukua kreta ya Ngorongoro. Upana wake ni takriban kilomita 19 na kuta zake zina kimo cha mita 600 hivi. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha mita 120 kutoka ardhini kwa droni za kiraia, na kwa kimo hicho droni inayotazama chini inaona mita 180 tu. Hata rubani awe hodari vipi, hataliziba pengo hilo. Duara la Richat huko Mauritania, lenye kipenyo cha kilomita 40 hivi, ni vivyo hivyo: ukiwa mita 120 ni majabali na mchanga, na umbo la jicho linaonekana kutoka anga za juu pekee. Kitu kikizidi kilomita mbili tatu, anza na setilaiti, video ya droni iwe ya pili.

Wima au mshazari

Hili ndilo jambo la kwanza la kukagua kwenye video yoyote, na ni muhimu kuliko 4K au 8K.

Kamera ikitazama chini wima unapata mpango wa mahali, yaani ramani yake. Palmanova, mji wa ngome ulioanzishwa Italia mwaka 1593, una kuta zenye pembe tisa kama nyota, na kwa wima nyota hiyo inasomeka mara moja. Bwawa la pembe nane la Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani nalo linajitokeza wazi kwa wima, wakati kutoka pembeni linafichwa na kuta zilizobomoka.

Lakini wima huua vimo. Machu Picchu, mji wa kale wa Peru, ikitazamwa wima, matuta yake ya kilimo yanakuwa michirizi, na kilele cha Huayna Picchu, kinachosimama zaidi ya mita 250 juu ya mji, kinakuwa doa la kijani. Kile kinachoufanya mji ule uwe wa ajabu, kwamba umekaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima katikati ya korongo, kinapotea chote. Hapo panataka mshazari: kamera iinamishwe nyuzi 30 hadi 45 chini ya upeo wa macho. Kwa pembe hiyo unaona mpango na kimo kwa pamoja. Ikiinamishwa nyuzi 10 hadi 15 tu, unapata mandhari pana yenye anga, ila majengo ya mbele yanaanza kufunika ya nyuma.

Kwa mahali pa kihistoria, video nzuri ina vyote viwili, na inakaa kwenye kila pembe kwa sekunde nane au zaidi bila kukata. Video inayobadilisha pembe kila sekunde mbili haikupi nafasi ya kujua ukuta huu ndio ule wa mwanzo au ni mwingine. Hata mzunguko una kipimo chake. Droni ikizunguka mnara kwa umbali wa mita 50 inasafiri mita 314, na kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde hiyo ni dakika moja na sekunde 45. Ukiona mzunguko mzima umekwisha kwa sekunde 15, video imeharakishwa au droni imekimbia, na jicho haliwezi kufuata kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma.

Kuna na suala la lenzi, ambalo wapenda mandhari wanalipuuza. Tuseme ngome iko mbele na mlima uko kilomita 5 nyuma yake. Droni ikipiga kwa lenzi ya milimita 24 kutoka mita 50, mlima uko mbali mara 101 kuliko ngome, kwa hiyo unaonekana kilima. Droni ikirudi hadi mita 150 na kutumia lenzi ya milimita 70, ngome inabaki na ukubwa uleule kwenye fremu, lakini mlima sasa uko mbali mara 34 tu, na unakua karibu mara tatu. Droni zenye lenzi ya pili ya milimita 70, kama DJI Air 3 na Mavic 3 Pro, zinafanya hivi bila shida. Kwa ngome, monasteri na vijiji vilivyojengwa chini ya milima, picha ya milimita 70 ndiyo inayokaribia zaidi vile mtu aliyesimama mahali anavyohisi ukubwa wa mlima. Video ya lenzi pana inakudanganya bila kukusudia.

Jua linaonesha kuliko kamera

Magofu mengi hayana tena kuta ndefu. Kilichobaki ni matuta ya sentimita 20 au 30 yaliyofunikwa na nyasi, na hayo yanaonekana kwa vivuli tu. Jua likiwa nyuzi 60 juu ya upeo, tuta la sentimita 20 linatupa kivuli cha sentimita 12. Likiwa nyuzi 10, kivuli hicho kinafika sentimita 113. Rudi kwenye jedwali: droni ikiwa mita 100, kivuli cha kwanza ni pikseli tatu, cha pili ni 29. Tuta ni lilelile na kamera ni ileile, lakini kivuli kimoja hakionekani na kingine kinachora msingi wa nyumba nzima.

Karibu na ikweta jua hupanda kama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo muda wa vivuli virefu haufiki saa moja na nusu baada ya macheo, na ni hivyo hivyo kabla ya machweo. Jua la utosini lina kasoro nyingine: kwenye picha ya wima linaleta doa jeupe pale kivuli cha droni kilipo, na maji yanang'aa kiasi cha kuficha mwamba ulio chini yake. Kwa bahari yenye matumbawe au ziwa lenye maji maangavu, saa tatu au nne asubuhi ni bora kuliko alfajiri, maana mwanga unahitaji kupenya. Kwa korongo jembamba ni kinyume na magofu: jua la chini halifiki sakafuni, na nusu ya video inakuwa nyeusi.

Wakati mwingine hata kivuli hakihitajiki. Julai 2018, Ireland ikiwa kwenye ukame mkali, droni zilizorushwa karibu na kaburi la kale la Newgrange zilionesha duara kubwa la kale ambalo halikuwa limejulikana, na Anthony Murphy aliyelinasa akaliita Dronehenge. Mahandaki yaliyofukiwa zamani hushika unyevu kuliko udongo wa pembeni, kwa hiyo mimea iliyo juu yake hubaki kijani mingine ikikauka. Mvua ikirudi, alama zinafutika. Ukitafuta video ya eneo la aina hiyo, tarehe ya kupigwa ina uzito kuliko ubora wa kamera.

Video ya kutazama na video ya kusimamisha

Wapiga video wengi hufuata kanuni ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya sekunde 1/50 kwa fremu 25 kwa sekunde, ili mwendo uwe laini. Adhuhuri, kwa ISO 100 na tundu la f/2.8, hilo linadai kichujio cha ND64, yaani kioo cha kupunguza mwanga. Kwa kutazama, ni sahihi kabisa. Ila ukisimamisha video ili uchunguze mawe, utakuta ukungu. Sababu yake ni hii: droni inayokwenda mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 10 shata ikiwa wazi kwa 1/50, na kwa kimo cha mita 30 hizo ni pikseli nane. Kwa shata ya 1/1000 inasogea nusu sentimita, chini ya pikseli moja. Kwa hiyo, kwa somo, utafiti au kumbukumbu, chagua (au agiza) video isiyo na kichujio cha ND, shata ya haraka, mwendo wa polepole. Itaonekana kama inarukaruka kidogo ikichezwa, lakini kila fremu itakuwa picha.

Mbano wa mtandaoni nao unakula mengi. Majani, mawimbi na nyasi zinazopepea ndivyo vigumu zaidi kubana, kwa hiyo msitu wa kwenye video ya 1080p hugeuka uji wa kijani. Ukiwa na bando la kutosha chagua 2160p hata kama skrini yako ni ya 1080p. YouTube huipa 4K data nyingi zaidi kwa sekunde, na tofauti inaonekana hata kwenye skrini ndogo. Kama bando ni dogo, pakua picha tano za mnato za mahali hapo badala ya video. Utaona zaidi.

FPV: kwa ndani na kwa kuporomoka

Droni ya FPV huongozwa na rubani aliyevaa miwani inayoonesha kile kamera inachokiona. Inapita kwenye matao, inashuka kandokando ya jabali, inaingia mapangoni. Hakuna njia bora ya kuhisi kina cha korongo au mfuatano wa vyumba vya ngome, kutoka lango hadi ua hadi mnara, kwa pumzi moja.

Udhaifu wake ni wa kimaumbile. Lenzi yake ni pana mno, hivyo kilicho katikati kinasukumwa mbali na kilicho pembeni kinavutwa. Usikadirie kipimo chochote kutoka kwenye FPV. Betri za droni za kujiundia huisha kwa dakika chache, kwa hiyo video ni fupi na rubani hana muda wa kukaa mahali. Mwendo unawatia watu wengine kichefuchefu, hasa kwenye skrini kubwa ya darasani. Na karibu na mawe ya kale, kugonga ni hatari ya kweli: rafadha zilizozungushiwa pete za kinga hupunguza madhara, haziyaondoi. Ukichagua FPV, iwe ni kwa ajili ya njia na nafasi, kisha utafute video ya mshazari kwa ajili ya umbo.

Picha-ramani na modeli ya 3D

Kwa magofu, hizi ndizo zinazostahili kupendwa kuliko zinavyopendwa sasa. Picha-ramani hutengenezwa kwa mamia ya picha za wima zinazopandana, kisha programu inazinyoosha hadi kila sehemu iwe na kipimo kimoja. Unaweza kupima ukuta juu yake. Modeli ya 3D inaongeza picha za mshazari ili kuta nazo zionekane, nawe unaizungusha upendavyo, bila kusubiri rubani akupeleke.

Wa kutengeneza azingatie haya: picha zipandane asilimia 75 hadi 80 kwa mwelekeo wa kuruka na 60 hadi 70 kwa pembeni; baada ya kuruka mistari ya picha za wima, azunguke na kamera ikiwa nyuzi 45; mwangaza usibadilike katikati ya kazi, kwa hiyo siku ya mawingu mepesi ya sare inafaa kuliko ya jua na mawingu yanayopita. WebODM ni programu huria inayofanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida yenye RAM ya kutosha. Ajihadhari pia na kimo: namba inayoonekana kwenye kidhibiti hupimwa kutoka pale droni ilipopaa. Akipaa kutoka kilimani na kwenda juu ya bonde, namba inabaki ileile huku ardhi ikiwa mbali zaidi, pikseli zinakuwa kubwa, na sheria ya mita 120 huenda imekwisha kuvunjwa.

Modeli zinaharibikia mahali palepale kila mara. Maji hutoka na mashimo au vilima visivyokuwepo, kwa sababu mawimbi hayafanani kati ya picha na picha. Miti huyeyuka kama nta. Picha zikiwa za wima tu, kuta huonekana zimepakwa tope linalotiririka. Na GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Mwenye haja ya mahali kamili atafute kazi iliyotumia RTK (GPS inayosahihishwa papo hapo hadi sentimita chache) au alama za ardhini zilizopimwa.

Pa kuanzia papo. Mradi uitwao Zamani (Zamani Project) wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa leza na picha maeneo kama Kilwa, Lalibela na Great Zimbabwe. Shirika la CyArk, linalohifadhi urithi kidijitali, lilitengeneza modeli za Kilwa Kisiwani kwa mkusanyiko wa Google Arts & Culture wa mwaka 2020 kuhusu urithi unaotishiwa na tabianchi. Picha-ramani za Unguja na Pemba zilizopigwa na droni za Zanzibar Mapping Initiative zipo wazi kwenye OpenAerialMap, na mitaa ya Mji Mkongwe inaonekana paa kwa paa.

Pale penye msitu mnene, picha yoyote ya kamera inagota kwenye majani. Barabara na mitaro iliyozunguka hekalu la Angkor Wat, Kambodia, ilifichuliwa mwaka 2012 kwa lidari iliyobebwa na helikopta, maana baadhi ya miale ya leza hupenya kati ya majani na kurudi kutoka ardhini.

Setilaiti na nyuzi 360

Setilaiti za kibiashara zilizo bora hutoa pikseli ya sentimita 30. Sentinel-2, ambayo ni bure, hutoa mita 10. Landsat mita 30, lakini kumbukumbu zake zinaanza mwaka 1972. Kwa mandhari makubwa hakuna mshindani. Maporomoko ya Victoria yana upana wa mita 1708 na yanaanguka mita 108 ndani ya ufa mwembamba, kwa hiyo aliye chini hawezi kuyaona yote. Droni ikipiga mshazari inaonesha ufa na mvuke wake. Yale makorongo yanayojipinda kushoto na kulia chini yake, ambayo kila moja ni ukingo wa zamani wa maporomoko, yanasomeka vizuri kwenye setilaiti. Tazama vyote viwili, kwa mpangilio wa kutoka setilaiti hadi droni. Google Earth ina picha za miaka iliyopita pia, lakini majengo yake ya 3D mara nyingi yana sura zilizovutika. Usiyategemee kwa kuta.

Video ya nyuzi 360 inakupa uhuru wa kugeuza kichwa, na kwa miwani ya VR ni nzuri kwa mandhari ya wazi. Ila "8K" yake hugawanywa kwa mzunguko mzima: sehemu ya nyuzi 90 unayoitazama kwa wakati mmoja ina pikseli 1920 tu. Kwa michoro ya ukutani au mawe, haitoshi.

Kabla ya kuamua

Kwa safari ya kutembea, tazama setilaiti kwanza, kisha video ya mshazari ya jua la chini. Kwa somo la usanifu wa zamani, modeli ya 3D na picha ya wima. Muziki na machweo vinaweza kusubiri. Kwa korongo, pango au ngome yenye vyumba, FPV kisha mshazari. Kwa mtu mgonjwa au mzee asiyeweza kusafiri, video ndefu ya mshazari, ya mwendo wa polepole, bila kukatwakatwa, inampa mengi kuliko zote.

Kagua pia mwaka. Baadhi ya makanisa ya Lalibela yamefunikwa na paa za kinga, na picha mpya ya wima itakuonesha paa hizo badala ya mwamba. Hifadhi za taifa za Marekani zilipiga marufuku droni mwaka 2014, na wageni hawaruhusiwi kuzirusha Machu Picchu. Kwa sehemu kama hizo, video nzuri ni zile za kabla ya katazo au zilizopigwa kwa kibali. Mpiga video mwenye kibali kwa kawaida huandika hivyo kwenye maelezo, pamoja na tarehe. Maelezo yakiwa hayana mwaka wala kibali, tafuta nyingine.